Kinyama kwenye kizazi, na kwa nini kusafishwa hakutoshi

Ndani ya kizazi kuna utando laini unaojengeka kila mwezi kwa nguvu ya homoni ya estrojeni. Homoni nyingine, projesteroni, inaposhuka, utando huo hubomoka ukatoka kama hedhi. Mara nyingine sehemu ndogo yake huota kupita kiasi, ikajipatia mshipa wake wa damu, ikabaki imening'inia mle ndani kama ndewe ya sikio. Hedhi ikija, utando wa jirani unatoka, yenyewe inabaki. Mwezi unaofuata inabaki tena. Hicho ndicho madaktari wanachokiita polipu ya kizazi, na watu wengi wanakiita kinyama.

Kinabaki kwa sababu kinausikia mwito wa estrojeni wa kukua, lakini ile amri ya projesteroni ya kubomoka kinaisikia kidogo kuliko utando unaokizunguka. Kingine huwa na milimita 3 tu, sawa na punje ya ufuta, kingine kikafika sentimita kadhaa na kujaza nafasi yote. Kipo chenye kikonyo kama cha embe, na kipo kilichokaa kwa kitako kipana. Mtu anaweza kuwa nacho kimoja tu au akawa navyo vitatu vinne. Kisichanganywe na fibroidi, ambayo ni uvimbe wa misuli ya kizazi, mgumu, na mara nyingi umejificha ndani ya ukuta. Wala kisichanganywe na kinyama cha mlango wa kizazi, ambacho mkunga au daktari anakiona kwa macho akitumia spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, na kwa kawaida akakizungusha na kukitoa palepale kliniki bila nusu kaputi.

Hakiletwi na uchafu. Nasema hivi mapema kwa sababu lugha yetu wenyewe imetupotosha hapa: tiba zote za kizazi tumezipa jina moja, kusafisha. Muuza mizizi anasafisha kizazi, mwenye vidonge vya kupachika ukeni anasafisha, na daktari anayekwangua kwa chuma naye anasemekana amesafisha. Mgonjwa akisikia neno hilo anaamini kuna takataka iliyotolewa na kwamba kazi imekwisha. Kinyama si takataka. Ni nyama hai yenye mshipa, iliyoshika mahali pamoja kwenye ukuta, na dawa ya kuwekwa ukeni haikifikii. Vidonge hivyo vya ukeni huweza kuunguza ngozi laini ya uke, na yale mapande meupe yanayotoka siku ya tatu, ambayo muuzaji anayaonyesha kama ushahidi, huwa ni utando wa uke wenyewe uliobabuka.

Wanaokipata zaidi ni wanawake wa miaka 40 hadi 50 na ushei. Chini ya miaka 20 ni nadra sana. Unene huongeza uwezekano kwa sababu mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni, na shinikizo la damu huonekana mara nyingi kwa wenye tatizo hili. Tamoksifeni, dawa wanayomeza wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, huzuia estrojeni kwenye titi lakini kwenye kizazi inafanya kazi kama estrojeni, kwa hiyo vinyama ni jambo la kutarajiwa kwao. Hilo halimaanishi waiache dawa. Maana yake ni kwamba tone lolote la damu kwao lichunguzwe bila kusubiri.

Dalili yake kubwa ni damu isiyofuata kalenda: matone katikati ya mwezi, doa baada ya tendo la ndoa, hedhi iliyokuwa ya siku 4 sasa inaburuza mpaka 9 au 10, au damu nzito yenye mabonge. Hedhi ya kawaida hurudi kila baada ya siku 24 hadi 38 na haizidi siku 8. Andika kwenye daftari au kwenye simu kwa miezi miwili: siku ilipoanza, siku ilipokwisha, pedi ngapi, mabonge au la, matone ya katikati. Daktari atapata zaidi kwenye ukurasa huo mmoja kuliko kwenye maneno "damu inanisumbua". Wapo pia wasiohisi chochote, na kinyama kikaonekana kwa bahati walipokwenda kupimwa jambo jingine.

Kabla ya kukilaumu kinyama, mambo matatu yaondolewe kwanza. Kipimo cha mimba, hata kama mwanamke ana hakika hana, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huanza na matone vilevile, na huua. Pili, njia ya uzazi wa mpango: sindano ya miezi 3 na vijiti vya mkononi husababisha matone kwa wanawake wengi, na kukimbilia upasuaji kwa ajili ya matone ya sindano ni kupoteza fedha. Tatu, mlango wa kizazi utazamwe kwa macho. Damu baada ya tendo la ndoa ni dalili ya saratani ya mlango wa kizazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na katika Afrika Mashariki hiyo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi. Ukiandikiwa altrasaundi bila mtu kukuwekea spekulamu, omba uwekewe. Altrasaundi haikuonyeshi saratani changa ya mlangoni.

Sasa altrasaundi yenyewe. Ile ya juu ya tumbo, ya kunywa maji mpaka kibofu kijae, hukosa vinyama vingi. Inayotakiwa ni ya kupitia ukeni, kibofu kikiwa kitupu. Na siku ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utando wa kizazi katika nusu ya pili ya mwezi ni mnene na mweupe kwenye picha, na kinyama nacho ni cheupe, kwa hiyo kinapotea humo kama chumvi kwenye unga. Kipimo kifanywe kati ya siku ya 5 na ya 10, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa 1. Hapo utando ni mwembamba na kinyama kinajitokeza. Wanawake wengi huambiwa "utando umenenepa" kwa sababu tu walipimwa siku ya 22, wakaanza dawa wasizozihitaji. Kwa mashine yenye dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyopita, mpimaji atafute mshipa mmoja unaoingia kwenye kile cheupe. Mshipa wa namna hiyo ni alama nzuri ya kinyama. Fibroidi kwa kawaida huzungukwa na mishipa pembeni.

Picha ikibaki na shaka, kipo kipimo rahisi ambacho hakitumiki kadiri kinavyostahili: altrasaundi ya maji ya chumvi. Mrija mwembamba, hata wa kulishia watoto wachanga, unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kisha maji safi ya chumvi, mililita 5 hadi 20, yanasukumwa polepole huku altrasaundi ya ukeni ikitazama. Kuta mbili zinaachana, na kinyama kinaonekana kimesimama ndani ya maji kama jiwe mtoni: ukubwa wake, idadi, na ukuta kilikoshikia. Mambo mawili huharibu kipimo hiki. Moja ni viputo vya hewa vilivyoachwa kwenye mrija, ambavyo hung'aa kwenye picha na kufanana na kinyama, kwa hiyo mrija ujazwe maji kabla ya kuingizwa. La pili ni kusukuma kwa kasi, ambako huleta maumivu makali na kizunguzungu. Hakifanyiwi mwenye mimba wala mwenye maambukizi ya nyonga. Hospitali yenye altrasaundi ya ukeni, sirinji na mrija ina kila kinachohitajika.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Katika hospitali nyingi, mwanamke mwenye damu nyingi na utando mnene hupelekwa kukwanguliwa kizazi. Chuma chenye ncha ya kijiko kinaingizwa, daktari anakwangua kwa kuhisi mkono, bila kuona. Kwa mimba iliyoharibika, kazi hiyo siku hizi inafanywa vizuri zaidi kwa kufyonza. Kwa kinyama, njia hii ni dhaifu kabisa. Kinyama chenye kikonyo kinalala upande mmoja chuma kinapopita, halafu kinarudi mahali pake. Kilichokaa kwenye kona ya juu karibu na mrija wa uzazi hakiguswi kabisa. Mara nyingine kinakatwa kichwa, kitako kikabaki na mshipa wake. Utando wa pembeni uliokwanguliwa unapelekwa maabara, majibu yanarudi "utando wa kawaida", na mwanamke anaambiwa amepona. Miezi mitatu baadaye damu imerudi, naye anakwanguliwa tena. Kila mara ukuta unaumia, na mikwaruzo ya kurudiarudia huweza kuleta makovu yanayogandisha kuta za kizazi, hedhi ikawa haba na ujauzito ukawa mgumu. Mwanamke aliyekwanguliwa mara mbili na damu bado inamtoka asikubali mara ya tatu. Hapo inahitajika njia ya kuona.

Njia hiyo ni histeroskopi, na si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1869 tabibu Mwitaliano Diomede Pantaleoni aliingiza bomba lenye taa katika kizazi cha mwanamke wa miaka 60 aliyekuwa akitokwa damu baada ya kukoma hedhi, akakiona kinyama, akakiunguza kwa naitreti ya fedha. Mgonjwa wa kwanza kabisa kuandikwa katika historia ya kipimo hiki alikuwa na tatizo hilihili tunaloliongelea.

Leo ni bomba jembamba lenye kamera, milimita 3 hadi 5 kwa uchunguzi na kazi ndogo. Maji ya chumvi hupita ndani yake na kukipanua kizazi, picha ikaonekana kwenye skrini. Kinyama kidogo hukatwa kwenye kikonyo kwa mkasi mwembamba kisha kikavutwa kwa kikoleo. Kikubwa hukatwa kwa kitanzi cha umeme au kwa kifaa kinachonyofoa na kufyonza kwa pamoja. Kinachotakiwa ni kukata mpaka kwenye kitako, usawa wa ukuta, bila kuchimba msuli. Kikibaki kitako, kuna uwezekano wa kuota tena.

Siku nzuri ni kuanzia damu ya hedhi inapokwisha hadi siku ya 11 hivi, kwa sababu ileile ya utando kuwa mwembamba, na pia kwa sababu hapo mimba haijapata nafasi. Kwa bomba jembamba kazi inaweza kufanyika kliniki mgonjwa akiwa macho. Parasetamoli gramu 1 au ibuprofeni miligramu 400, saa moja kabla, hupunguza maumivu yanayofanana na ya hedhi kali. Asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo ndiye achague ibuprofeni. Wanawake wachache hupata kizunguzungu na mapigo kushuka mlango wa kizazi unapoguswa, na kulala chali miguu ikiwa juu huwarudisha. Mgonjwa ana haki ya kusema "acha" na kazi ikasimama. Maumivu makali si ya kuvumiliwa kwa heshima ya daktari: atapangiwa siku nyingine kwa ganzi au nusu kaputi. Akipangiwa nusu kaputi, asile chakula kwa saa 6 na asinywe maji kwa saa 2 kabla.

Hatari zipo lakini ni chache. Kizazi kutobolewa hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, zaidi kwa waliokoma hedhi, ambao mlango wao umesinyaa. Maambukizi ni nadra. Jambo ambalo timu ya thieta lazima ilisimamie ni hesabu ya maji: yaliyoingia, yaliyotoka, na tofauti yake, maana tofauti hiyo imeingia kwenye damu ya mgonjwa. Kwa maji ya chumvi, mwenye afya njema asipitishe lita 2.5. Umeme wa mtindo wa zamani hutumia maji ya glisini yasiyo na chumvi, na hapo kikomo ni lita 1, kwa sababu glisini huishusha sodiamu ya damu na ubongo ukavimba. Mahali ambapo muuguzi haandiki hesabu hiyo, hata mikono ya daktari ikiwa hodari, kazi haiko salama.

Baada ya kukatwa, kinyama kinakwenda maabara. Kila kinyama, hata kikionekana cha kawaida namna gani. Na hapa ndipo kazi nzuri huharibika kwa uzembe mdogo, hasa kwetu ambako mara nyingi mgonjwa au ndugu yake anapewa kichupa akipeleke mwenyewe. Nyama iwekwe kwenye formalini, maji ya dawa ya kuhifadhia, ya asilimia 10, kiasi cha mara 10 ya ukubwa wake, katika chupa yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Ikiwekwa kwenye maji, maji ya chumvi au ikaachwa kavu, inaoza njiani, na mtaalamu wa patholojia hawezi kusoma kilichooza. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko tu. Fomu iwe na umri, tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa za homoni au tamoksifeni kama zipo, na mahali nyama ilikotoka. Mtu achukue namba ya simu ya maabara, na baada ya wiki 2 au 3 aulize kama majibu hayajaja. Kimya cha hospitali kisichukuliwe kuwa majibu mazuri.

Karatasi ikisema polipu isiyo na seli za hatari, jambo limekwisha, hakuna dawa ya kuendelea nayo. Ikisema haiplasia bila atipia, utando umeota kupita kiasi lakini seli zake hazijabadilika vibaya, na kwa kawaida hutibiwa kwa projesteroni. Ikisema haiplasia yenye atipia au saratani, ni rufaa ya haraka kwa daktari bingwa. Uwezekano wa jibu la namna hiyo uko kati ya 1 na 2 kati ya wanawake 100 ambao bado wanaona hedhi, na karibu 5 kati ya 100 kwa waliokoma. Ndiyo maana mama wa miaka 60 akiona hata doa moja la damu kwenye nguo, baada ya mwaka au zaidi bila hedhi, aende hospitali wiki hiyohiyo. Zipo hospitali zinazomrudisha nyumbani kwa sababu utando wake umepimwa milimita 4 au chini. Kipimo hicho kimejengwa zaidi juu ya wanawake wa Ulaya, na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2024 kuhusu wanawake weusi ulionyesha kwamba kinaacha saratani zipite, huku fibroidi zikiweza kuificha picha. Kwa mama wa Kiafrika mwenye damu na fibroidi, milimita 4 zisimfungie mlango. Achukuliwe sampuli ya utando ikapimwe maabara.

Je, kila kinyama kikatwe? Hapana. Mwanamke anayeona hedhi, asiye na dalili, mwenye kinyama cha chini ya sentimita 1, anaweza kusubiri na kurudia altrasaundi baada ya miezi 6 hadi 12. Karibu robo ya vinyama hivyo vidogo hutoweka vyenyewe ndani ya mwaka. Mwenye damu, mwenye kinyama kikubwa zaidi, aliyekoma hedhi na anatokwa damu, na anayetafuta mtoto, hao ni wa kukatwa.

Kuhusu anayetafuta mtoto, upo utafiti mmoja wa Madrid uliochapishwa 2005 unaofaa kujulikana. Wanawake 215 wenye vinyama waliokuwa wakingoja kupandikizwa mbegu, yaani kuwekewa mbegu za kiume ndani ya kizazi, waligawanywa kwa kura: nusu wakatolewa kinyama, nusu wakachukuliwa sampuli tu. Waliotolewa, 63 kati ya 100 walishika mimba, na wasiotolewa 28. Wengi wa waliofanikiwa katika kundi la kwanza walishika hata kabla ya kuanza kupandikizwa. Hiyo haimaanishi kila ugumba ni kinyama. Mume apimwe mbegu na mirija ipimwe kabla ya mke kupanda meza ya upasuaji. Mara nyingi sana anachunguzwa mke peke yake kwa miaka.

Dawa za homoni, kama norethisteroni miligramu 5 mara 3 kwa siku, hukata damu kwa muda. Zinafaa kumsaidia mtu avuke wiki chache akingoja upasuaji, lakini kinyama kinabaki, na akiacha dawa damu inarudi. Asidi ya traneksamiki gramu 1 mara 3 kwa siku, kwa siku 4 au 5 za damu nzito, hupunguza kiasi kinachotoka. Asipewe mwenye historia ya damu kuganda mguuni au mapafuni. Kisha ipimwe damu. Himoglobini, yaani wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na wapo wanaotembea na 7 wakidhani ni uchovu wa kazi. Kidonge cha madini ya chuma, ferasi salfeti miligramu 200, kimoja kwa siku, au siku moja kumeza na siku moja kuruka, kinatosha kwa wengi, kikimezwa tumbo likiwa tupu na juisi ya chungwa au ndimu. Chai iwe mbali nacho kwa saa 2, kwa kuwa chai huyakamata madini hayo yasiingie mwilini. Damu ikishapanda, vidonge viendelee miezi 3 zaidi ili ghala la mwili lijae.

Nyumbani baada ya histeroskopi, matone huweza kuendelea mpaka wiki 2 na maumivu siku 1 au 2. Kisiingie kitu ukeni mpaka damu ikome, yaani hakuna tendo la ndoa, hakuna tamponi, hakuna kujisafisha kwa ndani. Homa ya nyuzi 38, usaha wenye harufu, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupoa, au pedi kuloa kila saa, ni kurudi hospitali usiku huohuo. Anayetaka mimba anaweza kujaribu baada ya hedhi moja ya kawaida, kama daktari hakumpa sababu ya kusubiri zaidi.

Vinyama huweza kuota tena, zaidi kwa aliyekuwa navyo vingi na kwa anayeendelea na tamoksifeni. Kwa asiyetaka mtoto kwa sasa, daktari anaweza kupendekeza kitanzi cha uzazi wa mpango chenye homoni, kinachotoa levonojestreli kidogo kidogo mle ndani kwa miaka na kuufanya utando uwe mwembamba. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asiwekewe bila daktari wake wa saratani kukubali. Damu ikirudi, safari inaanza upya na altrasaundi ya ukeni, siku ya 5 hadi ya 10, ukiwa na karatasi mbili mkononi: ripoti ya upasuaji inayosema kinyama kilikuwa ukuta upi na kilikatwa kwa kifaa gani, na majibu ya maabara. Omba nakala zake kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu mafaili hupotea.